Cherehani nimeiuza mimi, kamisheni kala mwenye kuponi

Sikatai, hili duka la mtandaoni ninalolitangaza kwa linki yangu, mtu akinunua nipate kamisheni, linalipa. Kamisheni za mwanzo ziliingia kwenye simu bila mizengwe, nikawasifia kwa mafundi wote ninaowajua hapa Ngamiani. Kwa hiyo huduma yenyewe si mbaya. Ila hili la cherehani limenikaa kooni.

Shoga yangu wa Chumbageni alitaka cherehani ya kudarizi. Nikampigia picha za mishono, nikamrekodia sauti namna ya kubadilisha bobini, nikakaa naye barazani mpaka akaelewa kwa nini ile ya bei ya chini ingemsumbua kwenye kitambaa kizito. Akabofya linki yangu nikiona kwa macho yangu. Siku ya kulipa, kwenye ukurasa wa malipo kikachomoza kisanduku cha watu wa kuponi, yaani misimbo ya punguzo: "Tafuta kuponi." Akakibonyeza. Punguzo hakupata hata shilingi, akalipa bei kamili. Kwangu? Mbofyo upo, mauzo sifuri.

Wasioijua kazi hii waelewe: mtu akibofya linki yako, kivinjari chake kinawekewa kuki, kijifaili chenye namba yako. Akinunua, mfumo unasoma namba iliyomo na kumlipa mwenye nayo. Sasa programu nyingi za kamisheni zinahesabu mbofyo wa mwisho tu. Kile kisanduku kilipobonyezwa, kikafungua linki yake kichinichini, namba ya mwenye kuponi ikakaa juu ya yangu. Na kuki ina muda: Amazon wanakupa saa 24. Tena mtu akibofya kwenye simu halafu akanunulia kwenye kompyuta ya ofisini, kuki haimfuati. Hayo nayajua na nimeyavumilia siku zote.

Nikawaandikia wenye duka. Jibu: "Mpendwa, mfumo haukosei. Soma masharti." Mpendwa! Nimewaambatanishia risiti ya mnunuzi, nimewawekea mbofyo wangu na saa yake inasomeka, nao wananijibu kama mtoto aliyetumwa chumvi. Nikauliza jambo moja tu: nani kalipwa? "Taarifa hiyo ni ya siri." Nikauliza tena, kwa heshima zote. Wakafunga mazungumzo.

Masharti nimeyasoma. Mbofyo wa mwisho, sawa. Lakini huyo wa mwisho kafanya kazi gani? Hakumleta mteja, hakumpunguzia bei, kamkuta dirishani pesa mkononi. Marekani kuna mtu alifungwa mwaka 2014 kwa kupachika kuki za eBay kwenye vivinjari vya watu ambao hawakubofya chochote. Hapa mteja kabonyeza, najua, si kosa lile lile. Kwangu mimi maumivu ni yale yale.

Nilisema huduma si mbaya. Nalifuta neno hilo. Kulipa vizuri kunanisaidia nini kama anayelipwa si mimi? Linki zao nimezitoa zote kwenye stetasi. Fundi anayetaka ushauri wa cherehani aje, nitamweleza bure, bora hivyo kuliko kumchumia mwenye kuponi.