Kipoza joto cha Peltier kwa kipokezi cha mawimbi ya anga: uzoefu wangu

Ninapokea mawimbi ya redio yanayotoka kwa haidrojeni ya angani, ya megahezi 1420.4, kwa dishi dogo lililo juu ya paa, Kigamboni. Adui yangu ni joto: amplifaya ya mbele, ile iliyofungwa jirani kabisa na antena, hupata joto jua likipanda na ukuzaji wake hupungua, hata ukilinganisha kipimo cha saa nne asubuhi na cha saa nane mchana hujui kilichobadilika ni anga au ni kifaa.

Nilinunua Kariakoo kigae cha Peltier (kibamba cha umeme kinachohamisha joto kutoka uso mmoja kwenda wa pili) aina ya TEC1-12706, chenye milimita 40 kila upande, pamoja na feni, bonge la alumini lenye mapezi na kidhibiti joto cha volti 12. Anayetafuta baridi kali asikinunue. Kelele ya kipokezi hupimwa kama joto, kwa kelvini, yaani nyuzi zinazohesabiwa kuanzia sifuri halisi: amplifaya yenye kelele ya desibeli 0.5 huongeza takribani kelvini 35. Ukiishusha kutoka nyuzi 30 hadi sifuri umepunguza joto lake halisi kwa sehemu moja tu ya kumi, kwa hiyo unaokoa kelvini tatu au nne, ambazo humezwa na kelele ya ardhi inayoingia ukingoni mwa dishi. Vipokezi vya darubini ya redio ya MeerKAT, Afrika Kusini, hupozwa kwa mashine za gesi ya heliamu hadi karibu kelvini 20, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Naitrojeni ya kimiminika, ile wanayohifadhia mbegu za ng'ombe, ina kelvini 77, lakini huvukiza muda wote na si ya kuachwa juu ya paa.

Halafu kuna unyevunyevu wetu. Nilipoweka nyuzi 10, boksi lililowa ndani kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, licha ya vifuko vya silika vya kufyonza unyevu.

Sasa nimeweka nyuzi 28, juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo chini yake unyevu wa hewa hugeuka maji. Amplifaya yenyewe hutoa joto ndani ya boksi lililofungwa vizuri, kwa hiyo hata usiku halipoi kupita hapo, na vipimo vya mchana na vya usiku hatimaye vinalingana. Kwa kazi hiyo kigae kinastahili bei yake.

Kidhibiti nilichouziwa, kwa kweli, hakifai: hukata na kuwasha umeme harakaharaka, na mawimbi yake yakajaa kwenye kipokezi. Tafuta kinachopunguza mkondo taratibu, ukifunge nje ya boksi kwa kuwa nacho hupata moto, na uandae betri kubwa, maana kigae hiki kinaweza kula hadi ampea 6.