TAHADHARI: "Sindano orijino za Japani na Denmark" zinazotembezwa Mbeya, Iringa na Njombe

Wapenzi wa santuri wa Nyanda za Juu Kusini, kama una oda kwa muuzaji anayejitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "mzigo wa sindano umeingia kupitia Tunduma, bei ya kutupa", simamisha malipo kwanza. Hatuandiki jina lake, maana laini na majina anabadilisha kila mara. Ila mbinu ni zilezile, na ukizijua hakupati hata akija na jina jipya kesho.

Anaanzia kwenye neno. Mtaani tukisema "sindano" huwa tunamaanisha vitu viwili: kijiti chenye almasi nchani, au katriji nzima, yaani kile kiboksi chenye sumaku na koili kinachofungwa mbele ya mkono wa mashine kwa skrubu mbili. Mteja anatuma hela ya katriji, analetewa kijiti, na akilalamika anajibiwa "si uliomba sindano?" Kwa hiyo andika kirefu: katriji kamili, pamoja na sindano yake, mpya, kwenye boksi lake. Akubali kwa ujumbe ulioandikwa. Akipiga simu, mwambie aandike.

Wengi wanaumia kwenye Ortofon 2M Blue, katriji ya Denmark inayoigizwa kwa kutumia mdogo wake wa bei nafuu, 2M Red. Red na Blue zina mwili mmoja: zote hutoa milivolti 5.5 na zote huchezeshwa kwa uzito wa gramu 1.8 juu ya santuri. Ubora wote wa Blue uko kwenye sindano, na ndiyo sababu bei yake ni zaidi ya mara mbili ya Red. Kwenye Red, chembe ya almasi imegandishwa juu ya kipini cha chuma. Kwenye Blue, kile kipini chote ni almasi, kipande kimoja tangu kinapoingia kwenye kijiti hadi nchani. Huyu bwana anachukua mwili wa Red uliotumika, anauchomekea sindano ya plastiki ya bluu isiyojulikana ilikotoka, kisha anauza kwa bei ya Blue. Kwa macho huwezi kutofautisha. Picha ya simu ya kawaida nayo haisaidii, ndiyo maana anakuwa mwepesi sana wa kukutumia picha.

Dawa iko karibu. Mafundi simu, wa Mwanjelwa jijini Mbeya kwa mfano, wana hadubini ya kuchomelea saketi. Ukuzaji wa mara 30 au 40 unatosha kuona kama kuna mpaka kati ya chuma na almasi. Ukiuona mpaka huo, hiyo si Blue, haijalishi plastiki ina rangi gani. Pale pale angalia mzizi wa kijiti: gundi iliyomwagika au kijiti kilichoungwa katikati huonekana wazi. Kitu kimoja hadubini hiyo haitakuonyesha, nacho ni kulika kwa almasi. Huko kunahitaji ukuzaji wa mara 200 hivi pamoja na mwanga wa pembeni. Kwa hiyo katriji ya mtumba inayosifiwa "imecheza masaa machache tu" bado ni kamari hata ikipita kwa fundi simu. Almasi iliyolika pembe hukwangua kuta za mfereji wa santuri, na santuri ya Morogoro Jazz iliyokwanguliwa hairudi.

Denon DL-103 ina uongo wake. Katriji hii ya mwaka 1962, iliyotengenezwa kwa ajili ya shirika la utangazaji la Japani, NHK, inapendwa kwa haki kabisa. Lakini sindano yake haichomolewi nyumbani. Anayekuuzia "sindano mpya ya DL-103" peke yake anakuuzia kitu kisichokuwepo. Kuna mafundi wa ng'ambo wanaoweza kuifunga almasi upya, nayo ni kazi halali. Sharti isemwe kwamba ni ya kufungwa upya, na bei ishuke.

Halafu DL-103 ni ya aina ya MC, yaani ya koili inayocheza, inatoa milivolti 0.3 tu. Ukiichomeka kwenye tundu la MM la amplifaya, yaani la katriji za sumaku inayocheza kama 2M, sauti itatoka hafifu sana na utalazimika kufungua volyumu hadi ivume. Muuzaji anajua hilo. Anamuuzia mtu ambaye mashine yake ina MM peke yake, na mteja akirudi anaambiwa "umeichoma mwenyewe". Kabla ya kulipa, geuza amplifaya yako usome nyuma. Pakiwa pameandikwa MM tu, DL-103 itakudai priampu ya MC, yaani kikuza sauti cha awali, au transfoma ya kupandisha, na gharama hiyo ihesabu tangu mwanzo.

Shure, chapa ya Marekani, nitaisema kwa ufupi. Kampuni iliacha kutengeneza katriji na sindano zake mwaka 2018. "Mpya toka kiwandani" haipo. Unachoweza kupata ni mabaki ya zamani, au sindano mbadala za kampuni nyingine kama JICO ya Japani, ambazo ni nzuri zikiuzwa kwa jina lake.

Mabaki ya zamani nayo yana ugonjwa: mpira unaoshikilia kijiti. Miaka ikipita mpira huwa mgumu au hulegea, hata kama boksi halijawahi kufunguliwa. Ukilegea, katriji inalala, tumbo linagusa santuri. Ukiwa mgumu, sindano inarukaruka, na hapo muuzaji atakuambia "ongeza uzito, weka gramu 3 au 4 itatulia". Usifanye hivyo. Katriji iliyoandikwa gramu 1.8 isiyoweza kufuata mfereji kwa gramu 1.8 imekwisha, uzito wa ziada unaficha ubovu huku ukila santuri zako. Tumia mizani ndogo ya kidijitali inayosoma 0.01 ya gramu, usiamini namba za kwenye mkono wa mashine.

Sasa ametafuta kisingizio kinachotuhusu sisi wa huku: baridi. Ni kweli, Juni na Julai pale Njombe au Makete asubuhi, mpira hukakamaa na sauti za "s" hupasuka. Katriji zinataka chumba cha nyuzi 20 na kuendelea, kwa hiyo iache ndani ipate joto kabla hujaihukumu. Lakini baridi hukakamaza, hailegezi. Katriji ikilala tumbo asubuhi ya baridi na mtu akakuambia ni hali ya hewa, anakudanganya.

Kabla ya shilingi kutoka, dai picha tatu: ya mbele, ya ubavuni ikiwa hewani, na ya ubavuni ikiwa juu ya santuri kwa uzito wake halali. Kila picha iwe na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo na jina lako. Picha ya mbele itakuonyesha kama kijiti kimepinda upande. Mwenye mali halisi anamaliza hilo kwa dakika 10. Huyu husema simu yake kamera mbovu, au "kuna mteja wa Iringa keshatuma advansi".

Usitume hela yote ili "mzigo upande basi". Mkutane ana kwa ana, kwa fundi, au mtu wako aliye upande wa muuzaji akague kabla ya kulipa. Kama ni MM, pima koili kwa multimita: waya nyeupe na bluu ni kushoto, nyekundu na kijani ni kulia. Pande mbili zisome karibu sawa, na 2M Blue isome kama omu 1,300. Upande usiosoma kitu, koili imekatika. MC usiipime hivyo. Koili zake ni nyembamba mno, na umeme wa multimita unaweza kuzidhuru.

Aliyekwishatuma hela apige huduma kwa wateja ya mtandao wake saa hiyo hiyo, kabla haijatolewa, na namba ya tapeli aitume kwenda 15040. Aliyepokea kifurushi asikifunge kwenye mkono wa mashine. Kifurushi kibaki na mifuko yake na risiti ya basi, akipeleke polisi, na kama ni chapa ya kughushi apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Picha za hadubini zitumwe kwenye kundi, kwa kuwa sindano zile zile zilizorudishwa Mbeya zinatangazwa tena Mafinga na Makambako.