Redio iliyomkimbiza mchezaji aliye kwenye machela

Naandika hasira haijaisha, mnisamehe. Hii redio, jina lake naliacha, ndiyo inayompa baba yangu mpira kila wikendi. Mzee yuko Walukuba, Jinja. Presha ya macho ilimpofusha miaka mingi iliyopita, kwa hiyo mpira kwake ni sauti tu. Fainali ya Kombe la Afrika ya 1978 kule Accra, Ghana walipotufunga sisi Uganda 2-0, aliisikia redioni akiwa kijana. Bao la Farouk Miya dhidi ya Komoro mwaka 2016, lililoturudisha Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu hiyo 1978, alilisikia redioni pia, na alilia.

Kutangaza mpira kwa Kiswahili hapa Uganda si jambo la kila redio. Hawa tuliwapenda. Na yule mtangazaji ana sauti, haki yake tumpe, ukimsikia nywele zinakusimama.

Juzi juzi nilikwenda uwanja wa taifa wa Namboole, mechi ya ligi. Nikaweka hedifoni sikio moja, redio ya simu, hao hao, nisikie anachosikia Mzee. "Niko hapa Namboole, mpenzi msikilizaji, uwanja umefurika, hakuna pa kutia mguu!" Mimi miguu nimeinyoosha juu ya kiti cha mbele. Safu nzima tuko watatu, na mmoja ni muuza karanga. Nikasema sawa, anatia chumvi kidogo. Kona ikapigwa kulia kwangu, yeye akasema kushoto. Nikajiambia labda amekaa jukwaa la ng'ambo. Bado nilikuwa namtetea.

Kipindi cha pili winga mmoja, namba 7, akakanyagwa. Akaanguka karibu kabisa na tulipokaa. Daktari wa timu akamvua kiatu, akakata soksi kwa mkasi, akammwagia maji kwenye kifundo. Refa kashika kiuno. Wenzake wanakunywa maji. Mpira wenyewe kaukwapia kipa, hauendi popote. Na sikioni mwangu? "Namba saba huyooo! Anamtoka wa kwanza, anamtoka wa pili, anamimina krosi!" Nikamtazama yule kijana pale chini, ameuma ukosi wa jezi kwa maumivu. Machela ikaja, akapandishwa. Sikioni kipa amepangua, imekuwa kona. Hivyo hivyo, dakika nzima nzima. Hapo ndipo nilipoelewa: huyu hayuko Namboole. Yuko studio anatazama televisheni, na picha imemkatikia.

Kutangaza kwa kutazama televisheni sikukatai. Hela za safari hazipo, na Namboole ilipofungwa kwa ukarabati, mwaka 2023 Cranes, timu yetu ya taifa, walicheza mechi za "nyumbani" Misri na Kameruni; nani angewafuata huko kote? Lakini sema! Niliwahi kumsikia mtangazaji mmoja wa Kiluganda picha ilipompotea. Aliwaambia watu wazi, akaweka muziki, picha iliporudi akaomba radhi. Mpaka leo namheshimu.

Kesho yake nikapiga simu redioni. Aliyepokea akaniuliza, "Kwani wewe umelipa shilingi ngapi kusikiliza?" Akakata.

Basi nilikusudia kuwaambia wote muihame. Lakini jioni ile ya mechi nilikuwa nimempigia Mzee, na kabla sijafungua mdomo akaniwahi: "Mwanangu, namba saba leo kacheza! Ile krosi!" Nikamwambia, Mzee, namba saba alitolewa kwa machela, nimemwona. Akanyamaza. Halafu akasema polepole, "Lakini huyu yuko hapo uwanjani. Amesema mwenyewe." Iliniuma. Kwa dakika kadhaa mwongo nilikuwa mimi.

Nimemwomba abadilishe redio, amekataa. Kiluganda anakielewa, ila mpira wa Kiswahili ndio wake, na pengine pa kumpeleka sina. Kwa hiyo ninyi wa redio, msifunge, nawaomba. Tangazeni. Ila nendeni uwanjani, au semeni mko studio, Mzee atawasikiliza vilevile. Maana siku hizi bao likitangazwa ananipigia simu hata nikiwa kazini, redio inapiga kelele nyuma yake, na anauliza neno moja tu: "Kweli?"