Ngazi za msaada shuleni au elimu maalumu?

Katika shule nyingi za Marekani, mtoto anayesuasua kusoma husaidiwa kwa ngazi tatu: mafundisho ya darasa zima, kisha kikundi kidogo, na hatimaye msaada wa karibu zaidi, huku maendeleo yake yakipimwa mara kwa mara. Uzuri wake ni kwamba msaada huanza mapema, bila kungoja mtoto athibitishwe kuwa na ulemavu.

Elimu maalumu, yaani ya watoto wenye ulemavu, huchelewa kidogo, kwani mzazi hutia saini kwanza kukubali mtoto afanyiwe tathmini ya kuona kama ana ulemavu, na tathmini hiyo hukamilishwa ndani ya siku 60, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Lakini mtoto akistahili huandikiwa mpango wake binafsi, ambao shule hulazimika kisheria kuutekeleza.

Kinachonisikitisha ni mzazi aliyetoka Kongo kupokea karatasi ya Kiingereza ndani ya begi la mwanawe, akaamini kwamba lazima ngazi zote tatu ziishe kabla ya kuomba tathmini. Sivyo. Mwaka 2011 serikali ya shirikisho ilizikumbusha shule kwamba ngazi hizo zisitumiwe kuchelewesha tathmini. Mzazi anaweza kuiomba wakati wowote, na shule ikikataa itoe sababu kwa maandishi, katika lugha anayoielewa.