Bedford Green Goddess kwa 1:24: uzoefu wangu na modeli ya zimamoto ya kuagiza

Asiyetaka maneno mengi aishie hapa: ukitaka gari la kuweka kabatini siku hiyo hiyo mzigo unapofika, usinunue hiki kitu. Kama unapenda kupiga msasa, kutafuta rangi na kushika kwa kibanio vipande vidogo kuliko punje ya mchele, nunua, na bei utaiona ya haki.

Nilichonunua ni bodi, chesisi na vipande vyote vya Bedford Green Goddess kwa kipimo cha 1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi, vilivyochapwa kwenye printa ya 3D kwa resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Muuzaji ana karakana ndogo huko Uingereza, hana stoo wala bidhaa zilizokaa rafuni. Unaagiza, mnakubaliana, anachapa, anatuma. Mimi niko Dar es Salaam, kwa hiyo juu ya bei yake ya pauni 120 weka nauli ya ndege, na weka akiba ya ushuru kabla hujaanza kushangilia.

Wengi walioiona mezani kwangu wameuliza swali moja: gari la zimamoto gani la kijani? Hata mpwa wangu wa darasa la pili, ambaye namba 114 ya zimamoto anaijua kwa moyo, alikataa katakata. Inabidi nieleze, maana bila maelezo haya modeli yenyewe haina utamu.

Magari haya yalitengenezwa kati ya 1953 na 1956 kwa ajili ya Auxiliary Fire Service (AFS), kikosi cha akiba cha zimamoto cha Uingereza. Hofu ya wakati ule ilikuwa bomu la nyuklia. Mji ukipigwa, mabomba ya maji ya chini ya ardhi nayo yanapasuka, na kikosi cha kawaida kinabaki na mipira mikavu mkononi. Kwa hiyo walitaka magari ya kupanga mstari kutoka mtoni au ziwani hadi mjini, hili likivuta maji na kulisukumia lile. Ndiyo maana Green Goddess ni pampu yenye magurudumu zaidi ya kuwa tangi la maji. Piga hesabu mwenyewe: lile la kuvuta magurudumu yote lilibeba galoni 300 za Kiingereza, kama lita 1,360, na pampu yake iliweza kutoa lita 4,000 na ushee kwa dakika. Ukiifungulia yote, tangi linaisha kwa sekunde ishirini hivi. Baada ya hapo kama huna mto karibu, huna kazi.

Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1968 na magari yakafungiwa stoo. Yaliibuka tena Novemba 1977, wazimamoto wa Uingereza walipogoma nchi nzima na serikali ikawapa wanajeshi kazi ya kuzima moto. Mwaka 2002 ukaja mgomo mwingine, na magari yale yale, yakikaribia miaka 50, yakarudi barabarani na injini yake ya petroli ya silinda 6, lita 4.9, bila usukani wa pawa. Baadaye yaliuzwa. Mengine yalichukuliwa na watu wanaokusanya magari ya kale, mengine yakaenda kwenye vikosi vya nchi zinazoendelea, Afrika ikiwemo. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya vita ambayo haikupiganwa likaishia kufanya kazi halali ya zimamoto huku kwetu. Hilo ndilo lililonifanya nilitake.

Sasa huduma. Muuzaji aliuliza maswali ya maana kabla hajapokea hela: unataka la magurudumu mawili ya kusukuma au yote manne, milango ya pembeni ifungwe au iwe wazi, na unalitengeneza la miaka ipi. Swali la mwisho lilinifurahisha, kwa sababu taa za buluu na vifaa vingine vilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Nikamwambia nataka la enzi za Auxiliary Fire Service yenyewe, rangi inayong'aa, kengele mbele, la magurudumu yote manne.

Boksi lilifika salama. Kila kipande kimefungwa kwenye sponji, na vile vidogo vimeachwa kwenye vijiti vyake vya kuchapia ili visivunjike njiani. Hapo nampa alama zote. Lakini nilipogeuza chesisi nikakuta ekseli ya mbele ni bomba tupu, halina kibuyu cha difu. Yaani alinitumia mbele ya gari la kusukumwa kwa nyuma tu. Mtu mwingine angesema nani ataangalia chini ya gari? Mimi ndiye nitakayeangalia. Nilimpigia picha, akajibu siku hiyo hiyo, hakubisha, akachapa ekseli mpya pamoja na gia boksi ndogo ya katikati na akagharamia nauli. Kwa fundi wa namna hii, anavyopokea lawama ndiyo kipimo chenyewe, na huyu alifaulu.

Ubora wa uchapaji haulingani kila mahali. Uso wa gari ni kazi safi sana: ile pua butu ya Bedford, wavu wa rejeta, fremu nyembamba za vioo vya mbele, vyote vina kona kali. Ndani ya kabini kuna kifuniko cha injini kati ya dereva na abiria, maana kwenye Bedford hizi dereva anakaa ubavuni mwa injini, na hata bawaba zake zinaonekana. Paa ni hadithi nyingine. Ukiliweka kwenye mwanga wa pembeni unaona mistari ya tabaka, ngazi kwa ngazi, kama shamba la matuta. Mistari hiyo haiondoki kwa rangi, rangi inaitangaza. Niliipiga msasa wa maji namba 600, halafu 1000, nikapulizia praima ya kijivu, nikapiga tena. Praima ndiyo inayokuonyesha palipobaki.

Fanya kazi hiyo kwa maji na barakoa. Vumbi la resini si la kuvuta, na kipande ambacho hakijaiva vizuri kinanata vidoleni na kuwasha ngozi. Vyangu viwili vilinata kidogo, nikaviosha kwa spiriti na kuvianika juani. Jua la Dar linamaliza kazi hiyo bila mashine.

Chesisi nayo ilikuja imepinda kidogo, gurudumu moja likining'inia. Resini ndefu na nyembamba ndivyo ilivyo, na dawa yake ni rahisi: maji ya moto yasiyochemka, itumbukize hadi ilegee, ibane juu ya kipande cha kioo, mwagia maji ya baridi. Imenyooka mpaka leo. Gundi ya plastiki ya modeli za kawaida usihangaike nayo, haiyeyushi resini. Supaglu, au gundi ya epoksi ya kuchanganya pale panapobeba uzito.

Tuje kwenye rangi, ambako nilikaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Kijani cha Green Goddess kina jina na namba katika orodha ya rangi za Uingereza: Deep Bronze Green, BS 381C namba 224. Nilipeleka namba hiyo kwa mzee mmoja anayechanganya rangi za magari mtaani Gerezani, nikamwambia ninachotengeneza. Akaitazama kadi yake, akanitazama mimi.

“Bosi, hii siyo ya zimamoto. Hii ya Landrova za zamani.”

“Ndiyo hiyo hiyo, mzee wangu.”

“Na zimamoto ya kijani umeiona wapi?”

Alicheka, lakini alichanganya sawasawa, na alikuwa na haki, kwa sababu ndicho kijani kilichokuwa kwenye Landrova nyingi za miaka ile. Nilichukua nusu lita, ambayo inatosha kupaka modeli hii mpaka wajukuu wachoke. Kuna jambo moja la kuzingatia: rangi iliyo sahihi kwenye gari zima huonekana nyeusi mno kwenye kitu cha kushika mkononi. Niliilegeza kwa matone ya kijani chepesi mpaka macho yakaridhika. Mwenye kutaka namba 224 kamili, bila kugusa, ana haki yake, ila akiiweka sebuleni usiku ataona gari jeusi.

Kwenye kipimo cha 1:24 unene wa rangi ni adui. Robo milimita kwenye modeli ni sawa na milimita 6 kwenye gari halisi, na hakuna gari lenye rangi ya milimita 6. Kwa hiyo ni brashi ya hewa, tina nyingi, koti nyembamba nyembamba. Na hapa hali ya hewa yetu iliingilia. Rangi za NC, zile za magari zinazokauka haraka, zikipuliziwa kwenye unyevu zinapiga ukungu mweupe, kijani kinakuwa kama kimepakwa unga. Siku za masika niliacha kabisa. Jua lilipotoka nikawa napuliza kuanzia saa nne asubuhi, na tina inayokauka polepole, ukungu ukakoma.

Stika za milangoni sikuzichukua kwa huyu muuzaji, yeye hazifanyi. Nilizitoa kwa wachapaji wengine, na ndiyo sehemu pekee ninayoona hela yangu haikurudi. Herufi AFS zilitakiwa ziwe nyeupe kabisa, lakini nyeupe yao ilikuwa nyepesi, kijani kikachungulia kwa chini. Niliwaandikia, jibu likawa kwamba ndivyo printa yao inavyochapa. Ilibidi nibandike mbili, moja juu ya nyingine, kwa kioo cha kukuzia. Kabla ya kubandika paka vanishi ya kung'aa, la sivyo hewa inabaki chini ya stika na kutoa ukoko wa fedha. Micro Sol, dawa ya kulainisha stika, ilinisaidia kuzilaza kwenye mikunjo ya mlango.

Vitu vingine nimeviokota humu humu. Vioo ni plastiki angavu ya boksi la keki, safi kuliko ile iliyokuja na mzigo. Mipira ya maji ni nyuzi za utambi wa jiko la mafuta. Pamba ile imesukwa bapa, na ukiizungusha inakaa kama mpira wa turubai usio na maji. Kengele ni shanga ya shaba niliyoikata nusu, kwa sababu ya resini ilikuwa na umbo zuri ila haikuwa na mng'aro, na rangi ya dhahabu haijawahi kumdanganya mtu.

Kitu kimoja niliongeza kwa matakwa yangu, na muuzaji akakichapa bila kuongeza bei: pampu ndogo ya kubebwa na watu, ya kampuni ya Coventry Climax, iwekwe chini kando ya gari ikivuta maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Uingereza ilitaka pampu ya zimamoto iliyo nyepesi yenye nguvu nyingi, na wahandisi wa Coventry Climax, Walter Hassan na Harry Mundy, wakaitengenezea injini ya aluminiamu, FW, kifupi cha Feather Weight, uzito wa unyoya. Wenye magari ya mbio walipoona wepesi wake wakaitaka. Ikazaliwa FWA ya cc 1,098, ambayo kampuni ya Lotus na wengine waliifunga kwenye magari yao ya mashindano. Mashine ya kuzimia moto ikaishia kukimbia mbio za Le Mans, Ufaransa. Kwenye modeli ina urefu wa kidole gumba tu, lakini watu wakishamaliza kuuliza habari za kijani, wanainama kuitazama hiyo.

Kama ningetoa nyota: bodi na uso wa gari tano, huduma ya muuzaji tano licha ya ile ekseli, paa na chesisi tatu, vioo alivyotuma mbili. Asiye na brashi ya hewa wala kompresa ajue gharama hizo ni juu ya hizi. Kwa anayeanza kabisa, modeli ya plastiki ya kiwandani ingemfunza mkono kwanza kwa hela kidogo zaidi.

Ukiamua kuagiza, andika kwenye ujumbe, usiseme kwa simu tu, kwamba unataka la magurudumu manne lenye difu ya mbele. Omba paa lichapwe likiwa limeinamishwa, mistari inapungua sana. Nilimuuliza baadaye, akasema anaweza, ila inachukua saa nyingi zaidi za printa na huwa anafanya kwa anayeomba. Na ngazi ya juu ya paa mwambie asikuunganishie, ije peke yake, maana ukitaka kuipaka ikiwa imeshagandishwa pale juu, brashi haifiki chini ya vipandio.