Chupa ya kutengenezea propu ya muvi nyumbani: ipi ununue, ipi uiache

Watu wengi wakitaka chupa kama ile ya kwenye muvi (propu, yaani kifaa cha kuigizia) wanaanza na lebo. Mtu anakaa kwenye kompyuta siku mbili anachora, anaprinti, afu ndo anaanza kuhangaika na chupa ya kuibandika, yoyote ile. Mi mwenyewe nlifanya hivohivo mara ya kwanza, tulikuwa tunashuti filamu fupi ya maharamia ufukweni Kigamboni, lebo ya ramu imetoka kali kweli, ina fuvu na meli, nikaibandika kwenye chupa bapa ya pombe kali ya hapahapa. Siku ya kuwaonyesha washkaji haikufika hata dakika watu wanacheka, mmoja akapiga kelele "si ile ya kwa Mangi hiyo!" na stori yote ikaishia hapo.

Lebo utaprinti, rangi utapaka, uchafu utapaka, kizibo utachonga, ila mabega ya chupa huwezi kuyabadilisha. Shingo, mabega, kitako, hayo matatu ndo unayanunua, mengine yote ni kazi ya mikono. Nimezipanga kuanzia ile ambayo ningenunua kesho asubuhi mpaka ile ambayo ningefikiria mara mbili.

Namba moja, chupa tupu ya mvinyo. Ile ya mililita 750, kijani iliyoiva. Haina mpinzani kwa bei na kwa muonekano. Kioo kizito, rangi inaficha ulichoweka ndani, na wengi hawajui kwamba zipo za maumbo mawili makubwa: ile ya mabega yaliyosimama kama askari na ile ya mabega yanayoteremka taratibu. Kwa ramu, dawa ya mganga, sumu ya mfalme, chukua ya kuteremka, inaonekana ya zamani zaidi. Ile ya kusimama iache kwa sini za hotelini. Geuza chini uangalie kitako, kama kimeingia ndani kama kikombe, chukua, hicho kishimo kwenye mwanga wa mshumaa kinapendeza balaa.

Kama we ni wa kubishania historia, chupa za Waingereza kwenye miaka ya 1700 kuanza zilikuwa fupi nene, tumbo kama kitunguu, shingo inachomoza juu. Cha karibu na hapo ni zile za mvinyo wa Kitaliano zilizofumiwa majani chini. Ukivua majani unapata tumbo la duara, sema nyingine hazisimami zenyewe, ndo maana zikavalishwa majani.

Kitu kinachoumbua propu za mvinyo ni mshono. Pitisha kidole ubavuni, utasikia mstari umepanda mpaka mdomoni kabisa, hiyo ni alama ya mashine za karne ya 20, chupa ya kupulizwa kwa mdomo haina hiyo. Tiba yake rahisi: yeyusha mshumaa mwekundu au mweusi, chovya mdomo mara tatu nne, afu funga shingo kwa kamba ya katani. Mshono umekufa. Nakshi za karibu zinalipa kuliko lebo, niamini.

Wapi? Mabaa na hoteli wanazitupa, ongea na wa jikoni. Au kwa wauza chupa sokoni. Kuna mama mmoja huwa nachukua kwake, siku ya kwanza nimeshika chupa moja nzuri ajabu, "shikamoo mama, hii shingapi?" "Marahaba mwanangu, hiyo ilikuwa na mafuta ya taa, we unaenda kunywea au kupamba?" Sikuwa nimefikiria kabisa, na kwenye sini mwigizaji alikuwa anakunywa. Kwahiyo swali la kwanza kwa muuzaji sio bei, ni ilikuwa na nini. Ukijibiwa "sijui baba, imeletwa tu", hiyo ya kupamba shelfu, isifike mdomoni kwa mtu hata uioshe vipi.

Namba mbili, chupa mpya za maduka ya vifungashio. Kariakoo zipo za kumwaga, za asali, za manukato, za viungo, nyingine zina kizibo cha koki tayari, kile cha gome laini kama cha mvinyo. Hizi ni za watu wa uchawi uchawi, vichupa vidogo vya dawa kwenye rafu ya bibi kizee. Safi, hazijawahi kubeba kitu, unaweza kupata kumi zinazofanana, na kwenye shuti kufanana ni mali kwasababu moja lazima itaanguka. Shida ni nyeupe mno, kioo kinang'aa kama cha hospitali. Unachanganya gundi nyeupe ya mbao na rangi ya chakula matone machache, unamimina ndani, unaizungusha, unaigeuza imwagike yote, unaacha ikauke siku mbili. Ikikauka inapitisha mwanga, kijani au kahawia utakavyo. Ila maji yakiingia humo imekwisha, inalainika na kubanduka, so ni ya kuonekana tu. Kabla hujalipa fungua na kufunga koki mara kadhaa, nyingi ni za kubana mwanzo afu zinamegeka.

Namba tatu, chupa ya bia au soda ya kurudisha. Kwa sini ya baa tu, hapo haina mfano, kwa kitu kingine usipoteze muda. Iangalie kwa karibu, pale ilipotanuka kabisa ina pete nyeupe iliyochunika, hiyo imetokana na kugongana na wenzake kiwandani na kwenye kreti miaka yote. Huwezi kuigiza huo uchakavu kwa msasa, nshajaribu. Loweka usiku mzima kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, asubuhi lebo inavuka yenyewe kama ngozi ya nyanya. Afu weka lebo ya bia ya kubuni. Hollywood wanafanya hivo siku zote, ukiona bia inaitwa Heisler kwenye tamthilia usiende kuitafuta dukani, ni propu tu, inatoka kwenye kampuni ya propu inayohudumia maprodyuza. Na kumbuka chupa sio yako, umelipia dipoziti, ukiipaka rangi ya spirei hakuna duka litakalokupokea.

Nikiwa bado kwenye lebo, printa ya wino wa maji ya nyumbani achana nayo. Peleka stationeri yenye mashine ya leza. Kwanini? Kwasababu lebo utaizeesha kwa chai ya rangi, unaichovya kwenye sinia la chai iliyokolea, na wino wa maji unatawanyika wote unabaki na tope. Wa leza hausogei. Chai iliyobaki kwenye sufuria, sio ile uliyochovyea lebo, usiimwage, ipoze, ichuje, ndo whisky yako na ndo ramu yako. Kwa mvinyo mwekundu tumia juisi ya rosela, yenyewe hata kwa jicho la karibu haina tofauti.

Namba nne, plastiki. Ya jukwaani na watoto wa shule, basi. Haivunjiki, nyepesi kubeba. Lakini mwigizaji akiiweka mezani inalia "pko" na wote wamejua, na mkono unainyanyua haraka mno kwasababu haina uzito, mwili hauwezi kudanganya. Jaza mchanga nusu kama haimiminwi. Usitumie asetoni kutoa gundi ya lebo, kioo hakijali ila plastiki inaweza kuingia ukungu, tumia mafuta ya kupikia na kitambaa. Maji ya kuchemka pia hapana, inajikunja hapohapo mkononi.

Namba tano, chupa za kuvunjia. Zile za kumpiga mtu kichwani. Za kuagiza nje ni za resini maalum, zinavunjika kizuri, ila bei yake ukijumlisha na usafiri ni kichekesho, na fikiria mwenyewe, ni kitu kilichotengenezwa kivunjike na kinakuja kwa ndege na bodaboda. Nimeiweka mwisho kwasababu mara nyingi sini yenyewe haihitaji, kata picha, weka sauti, mwigizaji adondoke. Ila kama lazima, nunua sukari sio chupa. Na chupa ya kioo cha kweli kichwani ni hapana, hata "kidogo tu", hata mwigizaji mwenyewe akikubali.

Sukari, maji na sirapu ya glukozi, unapika mpaka nyuzi 150 hivi, bila kipimajoto usianze. Ikizidi hapo inaanza kuwa kahawia, kosa hilo kwa chupa ya bia ni bahati. Unamimina kwenye moldi ya silikoni, unazungusha, unamwaga inayobaki ili iwe wazi ndani. Moldi mi natengeneza kwa ile silikoni ya mafundi wa madirisha ya alumini, yenye harufu ya siki, nachanganya na wanga wa mahindi (konflawa) nakandika kwenye chupa halisi niliyoipaka mafuta. Weka ndoo ya maji baridi pembeni, sukari ya moto ikikupata inang'ang'ania ngozi, haitoki kama maji. Na ikivunjika bado ina makali, haipigwi usoni, hata hii.

Sasa Dar na sukari hawapatani. Ya kwanza nilitengeneza mwezi wa nne, mvua juu ya mvua, nikaiacha juu ya gazeti nimeenda kulala kwa furaha, asubuhi chupa inatoka jasho, imenata na gazeti mpaka unasoma matokeo ya mpira ubavuni, na sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani. Sikuhizi natumia isomalti, kibadala cha sukari, wauza vifaa vya keki wanayo, ghali kuliko sukari ila haivuti unyevu haraka hivo. Ikipoa tu inaingia kwenye ndoo ya mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Taa zipangwe, kamera iwe tayari, mwigizaji asimame kwenye alama yake, ndo ndoo ifunguliwe.