Kituo cha mazoezi ya maabara, Majengo, Moshi: walimu wa biolojia, pelekeni watoto

Nawaandikia hasa walimu wenzangu ambao maabara zao zina meza nzuri na kabati tupu. Kituo hiki ni vyumba viwili uani kwa mwalimu mstaafu, ada Sh 15,000 kwa mwanafunzi, Jumamosi na Jumapili. Niliwapeleka vijana wangu wa kidato cha sita kutoka Kibosho, na nitawapeleka tena.

Kwa nini? Huku kwetu mwanafunzi akiona sukari imegoma kwenye Benedict (dawa ya buluu inayobadilika rangi ikikutana na baadhi ya sukari), anaichemsha na asidi ya haidrokloriki ili ivunjike, anaondoa uasidi, anarudia kipimo, ikija rangi ya tofali anafunga daftari. Mzee huyu hakubali. Anamuuliza: "Imevunjika ikawa nini?"

Aliwapa unga mweupe wa aina tatu, bila majina. Wa kwanza uligoma mwanzoni, ukakubali baada ya hidrolisisi, yaani kuvunjwa kwa asidi. Kikaratasi cha kupimia glukozi kwenye mkojo kikaonyesha glukozi. Kipimo cha Seliwanoff kikawa chekundu, maana yake kuna fruktozi. Glukozi na fruktozi zikiungana, basi ni sukrozi, sukari hii hii ya kiwanda cha TPC tunayotia kwenye chai. Akawaonya kwamba sukrozi hata isipovunjwa kwanza itakuwa nyekundu kwenye Seliwanoff, kwa kuwa asidi iliyomo humo inaivunja yenyewe. Jambo hilo sijaliona likisisitizwa darasani, na linawaponza wengi.

Aina mbili zilizobaki zilibadilisha Benedict tangu mwanzo, na zilipovunjwa zote zikatoa glukozi. Hapo vijana walikwama, na mzee akawaacha wakwame kwa muda mrefu. Kisha akachemsha kila moja na asidi ya nitriki, akaziacha zilale. Jumapili asubuhi chupa moja ilikuwa na chembechembe nyeupe chini: asidi ya musiki, itokanayo na sukari iitwayo galaktozi. Hiyo ndiyo laktozi, ya maziwa. Nyingine, ambayo ikivunjwa hutoa glukozi tupu, ni maltozi. Kijana wangu mmoja mkimya alipiga kelele kwa furaha.

Nitriki aliichemshia nje barazani, vizuri, maana moshi wake wa kahawia ni sumu. Lakini miwani ya kukinga macho ilikuwa michache, watoto wakapokezana, na hilo kwa asidi kali halikubaliki. Nilimwambia ana kwa ana. Jiko la gesi nalo ni moja, foleni ndefu.

Karibu na mitihani nafasi hujaa, wahini mapema, na kila mtoto abebe miwani yake.